Kupiga Kambi Kwenye Theluji White Mountain: Masharti, Vifaa na Usiku wa Kwanza

Msitu wa Taifa wa White Mountain, kaskazini mashariki mwa Marekani, haufungwi Desemba. Naanza na hilo kwa sababu Waswahili wengi wa Manchester, Concord, Lewiston na Portland hufika huko majira ya baridi, wakaona geti limeshushwa barabarani na mabomba ya kambi yamefungwa, wakageuza gari. Zinazofungwa ni baadhi ya barabara na huduma. Msitu wenyewe, karibu ekari 800,000 za New Hampshire na kipande cha magharibi mwa Maine, uko wazi mwaka mzima, na sehemu zake nyingi unaruhusiwa kulala bila kulipia kiwanja. Ila masharti yapo, na karibu yote yanarudi kwenye maswali mawili: uko umbali gani kutoka barabarani, kwenye njia au kibanda, na theluji uliyoikanyaga ina kina gani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutembea mchana na familia au kulala usiku mmoja bondeni, chini ya miti. Vileleni ni habari nyingine. Mount Washington una mita 1,917, haufiki hata theluthi ya Kilimanjaro, na ndiyo maana watu wa kwetu huudharau. Lakini tarehe 12 Aprili 1934 upepo ulipimwa juu yake ukienda kilomita 372 kwa saa, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Februari 2023 joto lilishuka hadi karibu nyuzi 44 chini ya sifuri, na ukichanganya na upepo mwili ulikuwa unahisi nyuzi 78 chini ya sifuri. Kwa hiyo kilele tukiache kwanza.

Hatua ya 1: Anza na mchana

Kama hujawahi kutembea kwenye theluji hata saa mbili mfululizo, hema liache nyumbani. Diana's Baths, karibu na North Conway, ni mwendo wa kama kilomita moja kwenye njia rahisi hadi kwenye maporomoko ya maji ambayo Januari huwa yameganda kwa tabaka. Sabbaday Falls, kando ya barabara ya Kancamagus, ni fupi zaidi. Lincoln Woods, upande wa mji wa Lincoln, ina daraja la kuning'inia mwanzoni, halafu njia pana, tambarare, inayofuata reli ya zamani ya wakata magogo. Mtoto anaimudu, bibi anaimudu, na mtu akichoka anageuka tu na kurudi alikotoka. Mgeni anayetaka kuonja majira ya baridi ningempeleka Lincoln Woods kabla ya mahali pengine popote.

Miguuni kuna vifaa viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Njia iliyokanyagwa na watu wengi hugeuka barafu. Hapo unavaa meno ya chuma yenye mpira ambayo huvutwa juu ya kiatu chochote. Theluji laini inataka vile viatu vipana vya theluji vinavyofungwa chini ya buti ili usizame. Kipimo changu ni kifundo cha mguu: ukianza kuzama kupita hapo, vaa vile vipana. Mashimo ya miguu yako yataganda usiku, na kesho yake mtu atavunjikia mguu humo. Watu wa huku wanalichukulia jambo hili kwa uzito, na usishangae mtu usiyemjua akikusimamisha njiani kukuambia.

Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na kuwinda msituni ni halali. Vaa fulana au kofia ya rangi ya chungwa inayong'aa, hata kama unatembea mchana kweupe.

Utakutana pia na pikipiki za theluji. Zina njia zake zilizowekewa alama. Ukitembea humo, kaa pembeni na usizibe masikio kwa muziki, maana zinakuja kwa kasi na kona ni nyingi.

Hatua ya 2: Jua umesimama kwenye ardhi ya nani

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua. Ukiwa Franconia Notch au Crawford Notch umezungukwa na msitu wa taifa, lakini pale uliposimama ni hifadhi ya jimbo la New Hampshire, na sheria za jimbo haziruhusu kusimika hema nje ya viwanja maalumu. Hata kilele cha Mount Washington ni hifadhi ya jimbo. Vilevile kuna mashamba ya watu binafsi yaliyopenya katikati. Mpaka hauonekani kwa macho, na ramani ya simu inayopaka kila kitu kijani haikusaidii. Tafuta ramani ya msitu yenyewe, ile inayotenganisha rangi za ardhi, au piga simu ofisi ya msitu iliyo karibu na unakokwenda uwaulize. Wanajibu vizuri, na ukiwatajia jina la njia watakuambia pia hali ya theluji ya wiki hiyo.

Hatua ya 3: Angalia mageti kabla ya kupanga mwendo

Barabara kadhaa za ndani hazisafishwi theluji na hufungwa kwa geti hadi majira ya kuchipua: Tripoli Road, Bear Notch Road, Zealand Road, Jefferson Notch Road, na ile ya Evans Notch ambayo watu wa Maine huipenda wakati wa kiangazi. Maana yake safari uliyoifanya Julai kwa saa mbili inaweza kuwa ya siku nzima.

Chukua Zealand kama mfano. Wakati wa joto unaendesha hadi mwisho wa barabara, kisha unatembea maili 2.8 hadi kibanda cha Zealand Falls. Majira ya baridi unaacha gari kwenye maegesho yaliyo kando ya barabara kuu namba 302, na zile maili 3.5 za barabara unazitembea kwa mguu kabla hata hujafika mwanzo wa njia. Jumla ni zaidi ya maili 6, yaani kama kilomita 10, na mzigo mgongoni, kwenye theluji. Mwishoni mwa Desemba jua linazama saa kumi na dakika chache jioni. Piga hesabu mwenyewe: ukitoka Portland saa tatu asubuhi, utamalizia mwendo gizani.

Kancamagus inabaki wazi. Ina maili 34.5 kati ya Conway na Lincoln, haina kituo cha mafuta hata kimoja, na simu haishiki sehemu kubwa. Jaza tangi mjini. Usiegeshe mbele ya geti, hata kama limefungwa na hakuna mtu, kwa kuwa magari ya uokoaji hupita hapo. Wala usiache gari kwenye ukingo wa barabara ambako gari la kusukuma theluji linapita usiku. Utalikuta limevutwa au limefukiwa.

Hatua ya 4: Shika vipimo vya kambi

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili.

Kwanza, mwinuko. Kwenye sehemu ambazo miti haifiki futi 8, yaani kama mita 2.4, hairuhusiwi kupiga kambi wala kuwasha moto wa kuni au mkaa. Mimea ya huko juu ni midogo, inakua polepole mno, na hema moja linaiua kwa miaka mingi. Majira ya baridi kuna msamaha: unaweza kusimika hema huko kama theluji iliyo chini yako ina kina cha futi 2 au zaidi, sawa na sentimita 60, kwa kuwa theluji hiyo inailinda mimea. Msamaha huo hauhusu ziwa au dimbwi lililoganda. Juu ya barafu ya huko hakuna kambi. Na kusema "panaonekana pana theluji nyingi" hakutoshi. Chomeka fimbo ya kutembelea, weka kidole ilipozamia, ipime. Upepo wa huko juu unakusanya theluji hapa mita mbili na hatua tano mbele unaacha mwamba mtupu. Nisemavyo mimi, kwa msafiri wa kawaida msamaha huu bora usiutumie. Ni halali, lakini hema juu ya mstari wa miti mwezi Januari ni la watu waliozoea upepo huo.

Pili, umbali. Hairuhusiwi kulala ndani ya robo maili, kama mita 400, kutoka kwenye vibanda, makazi ya wazi, viwanja vya hema vilivyotengwa na barabara kadhaa zilizotajwa kwenye masharti, Kancamagus ikiwemo. Kwenye njia fulani zenye watu wengi unatakiwa ukae angalau futi 200 kutoka njiani, kama hatua ndefu 70. Maeneo haya yana vibao vidogo vyenye maneno Forest Protection Area, yaani eneo la msitu linalolindwa, lakini theluji ikiwa nyingi kibao kinaweza kufukiwa, na hilo halitakuwa utetezi wako. Orodha kamili ya njia na barabara hutolewa na ofisi ya msitu. Ichapishe uende nayo.

Mita 400 si kitu mjini. Kwenye theluji ya kufika magotini, nje ya njia, katikati ya misonobari iliyoshonana, zinaweza kukuchukua nusu saa au zaidi. Kwa hiyo muda wa kutafuta kiwanja uuhesabu tangu mwanzo, usiuchukulie kama jambo la mwisho la siku.

Tatu, mabonde ya Tuckerman na Huntington upande wa mashariki wa Mount Washington. Huko hakuna kambi huria kabisa. Unalala mahali palipotengwa tu, kama Hermit Lake, kwenye vibanda vya wazi na majukwaa yake, kwa kukata nafasi kabla, na moto wa kuni hauruhusiwi.

Nne, maeneo ya Wilderness, yaani yale yaliyoachwa pori kwa amri ya sheria. Yako sita: Great Gulf, Presidential Range-Dry River, Pemigewasset, Sandwich Range, Caribou-Speckled Mountain na Wild River. Humo kundi lisizidi watu 10, na hakuna chombo chochote cha injini wala baiskeli. Sharti la watu 10 linatugusa sana sisi. Kanisa au chama cha vijana kikija na basi la watu 25, kigawane, na kila kundi lende njia yake na lilale mbali na lingine. Kugawana mwanzoni mwa njia na kukutana mbele kwenye moto mmoja ni kuvunja sharti lile lile.

Adhabu ya kuvunja amri za msitu inaweza kufika dola 5,000 au kifungo cha miezi sita. Maofisa wengi huanza na maneno, lakini usitegemee hivyo.

Hatua ya 5: Usiku wa kwanza ulale karibu na gari

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kambi za Hancock na Blackberry Crossing, zote kando ya Kancamagus. Zinapokea watu hata majira ya baridi. Unaegesha, unabeba mizigo hadi kiwanjani kwa miguu, unajilipia mwenyewe kwenye kisanduku. Maji ya bomba hakuna, kwa hiyo njoo na madumu. Faida yake ni moja tu lakini ni kubwa: mambo yakikushinda saa nane usiku, gari liko hapo.

Wanaotaka paa wana vibanda vya chama cha wapanda milima cha AMC. Zealand Falls na Lonesome Lake hupokea wageni majira ya baridi, kukiwa na mlinzi lakini bila mpishi. Unabeba chakula chako na mfuko wako wa kulalia. Chumba cha kulala hakina joto. Watu husikia "kibanda" wakadhani ni hoteli.

Hatua ya 6: Lipa, na nunua kadi ya uokoaji

Baadhi ya maegesho ya mwanzo wa njia yanalipiwa, na kibao kitakuambia. Unajaza bahasha, unatia pesa taslimu, kipande kimoja kinabaki kwenye dashibodi. Beba noti ndogo, maana hakuna wa kukurudishia chenji. Mwenye kadi ya mwaka ya maeneo ya serikali kuu ya Marekani anaitundika hiyo.

New Hampshire ina sheria ambayo majimbo mengi hayana: mtu akipotea au kukwama kwa uzembe wake, jimbo linaweza kumtoza gharama za kumwokoa. Kwenda mlimani majira ya baridi bila tochi na bila nguo za kutosha kunaweza kuhesabiwa uzembe. Kuna kadi ya hiari iitwayo Hike Safe, dola 25 kwa mtu mmoja na dola 35 kwa familia, inayokuondolea deni hilo, isipokuwa ukifanya ujinga wa makusudi kabisa. Si bima ya afya. Hospitali bado ni juu yako. Lakini pesa zake zinakwenda kwa Fish and Game, idara inayoongoza uokoaji, na kwa familia yenye watoto sioni sababu ya kutoinunua.

Hatua ya 7: Nguo

Jinzi ibaki nyumbani. Wanaorudi nusu ya njia wakitetemeka, mara nyingi ni wa jinzi na sweta la pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki, na inakunyonya joto hadi utakapoivua. Ndani vaa sufu au nailoni ya michezo inayobana mwili, katikati kitu kizito cha sufu au manyoya ya bandia, nje koti na suruali zinazozuia upepo. Sufu si lazima iwe ghali. Maduka ya mitumba ya Lewiston na Manchester yamejaa masweta ya sufu kwa bei ya chakula cha mchana, na sisi kuchambua mitumba hatufundishwi na mtu.

Kanuni ya kutembea ni kuanza ukihisi baridi kidogo. Ukianza umejifunika kila kitu, baada ya dakika 15 umelowa jasho, na ukisimama tu jasho hilo linageuka adui. Vua kabla hujatoka jasho, vaa mara unaposimama. Beba glavu jozi mbili na soksi za kubadilisha usiku; zile za usiku usizitembelee kamwe.

Kwa ngozi yetu nyeusi, dalili za ngozi kuganda si ule weupe unaosemwa kwenye mabango. Angalia sehemu iliyopauka kuliko ngozi inayoizunguka, yenye rangi ya kijivu au inayong'aa kama nta, ngumu ukiibonyeza, na isiyo na hisia. Mkaguane nyuso na masikio kila mnapopumzika. Mtu anayeanza kujikwaa, kuvuta maneno, au kusema kwamba hasikii baridi tena, joto la mwili wake linashuka. Simamisha safari hapo hapo, mvalishe vikavu, mpe kitu kitamu cha moto anywe kama anameza vizuri, na mgeuke.

Hatua ya 8: Kusimika hema

Fika kiwanjani saa tisa alasiri, si baadaye. Angalia juu kwanza: mti mkavu au tawi lililoelemewa na theluji likidondoka usiku halichagui.

Usivue viatu vya theluji. Kanyagakanyaga mahali pa hema, upana wake na hatua moja zaidi kila upande, ukishindilia kama sakafu ya udongo. Halafu, na hapa wengi hukosa subira, acha. Ngoja nusu saa. Theluji iliyoshindiliwa inajishika yenyewe ikawa ngumu kiasi cha kubeba goti. Ukitandika mara moja, kila mahali utakapoweka kiwiko patazama, na asubuhi utaamka ndani ya mashimo yaliyoganda kwa umbo la mwili wako. Nusu saa hiyo itumie kuchemsha chai.

Vigingi vya kawaida vya hema havishiki kwenye theluji. Chukua vijiti vilivyoanguka, vya urefu wa mkono wa kiwiko hadi ncha za vidole, funga kamba katikati ya kijiti, kifukie kikiwa kimelala, kisha shindilia juu yake. Baada ya nusu saa nyingine huwezi kukichomoa kwa mkono. Funga kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta, la sivyo kesho utaichimba kamba kwa kijiko.

Baridi ya usiku inatoka chini kuliko inavyotoka hewani. Mfuko mzuri wa kulalia unaovumilia nyuzi 20 chini ya sifuri hautakusaidia kama chini yako kuna kigodoro kimoja chembamba, kwa kuwa uzito wako unaubana mfuko pale pale unapouhitaji. Weka viwili: cha povu chini, cha kujaza hewa juu. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivalishe soksi, iweke katikati ya mapaja. Betri, simu na soksi za kesho vilale nawe ndani ya mfuko, buti pia ukiziweka kwenye mfuko wa plastiki.

Acha tundu la hewa la hema wazi hata kama moyo unakataa. Pumzi ya watu wawili inaganda kwenye dari, na alfajiri inakunyeshea. Na usiku ukiitwa na haja ndogo, nenda. Kulala umebana kunakuongezea baridi na usingizi hutaupata hata hivyo.

Hatua ya 9: Jiko, moto na maji

Hili nalisema bila kuzungusha. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema wala ndani ya gari, hata likiwa limebaki makaa tu, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Tumekulia kwenye majiko hayo na tunayaamini, lakini kwetu nyumba zina matundu. Hema lililofunikwa theluji halina. Gesi ya sumu ya mkaa haina harufu, inaanza kwa kukupa usingizi, na usingizi ndio uliokuwa unautaka. Jiko la gesi nalo lipikiwe nje, au kwenye ukumbi wa hema uliofunguliwa wote.

Mitungi midogo ya gesi ya butani hukataa kuwaka kwenye baridi kali. Nunua yenye mchanganyiko wa propani na isobutani, uipashe ndani ya koti kabla ya kuiwasha, au tumia jiko la mafuta ya kimiminika linalopampiwa.

Kuni: chukua zilizokufa na kulala chini tu. Kukata mti ulio hai, hata tawi bichi, ni kosa. Kuni usizibebe kutoka jimbo lingine. New Hampshire imepiga marufuku kuingiza kuni ambazo hazijapitishwa kwenye joto la kuua wadudu, kwa ajili ya wadudu wanaoangamiza miti. Ukiwasha moto juu ya theluji bila kitu chini yake utazama na kujizima ndani ya shimo la maji, kwa hiyo panga kwanza magogo mazito yaliyooza kidogo kama jukwaa. Asubuhi zima hadi majivu yashikike kwa mkono mtupu, kisha yatawanye.

Kuyeyusha theluji kuna siri yake: anza na maji kidogo chini ya sufuria, kisha ongeza theluji taratibu. Theluji kavu peke yake kwenye chuma cha moto inaunguza sufuria, na maji yanatoka na ladha ya moshi itakayoharibu hata chai ya tangawizi. Ichemshe, theluji nyeupe si theluji safi. Chupa zilale zikiwa kichwa chini, kwani maji huanza kuganda kutoka juu na hivyo mdomo wa chupa hautazibwa na barafu.

Chakula cha moto usiku ni joto la kulalia. Uji wa ulezi wenye siagi ya karanga na sukari unashinda vyakula vingi vya mifuko vinavyouzwa dola 15. Kula kitu cha mafuta kabla tu ya kuingia kulala.

Hatua ya 10: Choo

Nenda hatua ndefu 70 kutoka kwenye maji, njia na kambi. Ukipata udongo mtupu chini ya msonobari mkubwa, chimba. Ukikosa, funga kwenye mifuko miwili urudi nacho. Kufukia ndani ya theluji ni kuwawekea watu wa Aprili.

Hatua ya 11: Asubuhi ya kuondoka, soma hali ya hewa mara ya mwisho

Utabiri wa mji wa North Conway haukuambii kitu kuhusu kilele. Kituo cha hali ya hewa cha Mount Washington hutoa utabiri wa vilele peke yake. Anayekaribia Tuckerman au Huntington, hata kwa kuchungulia tu, asome pia taarifa ya kituo cha maporomoko ya theluji cha Mount Washington, yenye ngazi tano za hatari. Ngazi ya tatu ndiyo inayowaponza wengi kwa kuwa jina lake linasikika kama la katikati. Kama huna mafunzo wala vifaa vya kutafutia mtu aliyefukiwa, ukiona ngazi hiyo rudi kwenye miti.

Wekeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, mfano saa saba mchana, na muiheshimu popote mtakapokuwa. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwani yenye betri za akiba, ramani ya karatasi, dira, filimbi, kibiriti na kisu. Simu ifungwe mawasiliano na ikae kifuani, maana baridi inamaliza betri iliyosomeka asilimia 60 kwa dakika chache.

Hatua ya 12: Acha habari kwa mtu asiyekwenda

Mwandikie ndugu au jirani ujumbe, si kumwambia kwa mdomo: jina la njia, maegesho, namba ya gari, mko wangapi, mtalala wapi, na saa ambayo asipokusikia apige namba ya dharura, 911. Mpe saa mbili au tatu za nyongeza, maana mwendo wa theluji huchelewa bila kosa la mtu. Kama mtu huyo Kiingereza chake ni cha kubahatisha, mwandikie kwa Kiingereza sentensi tatu atakazowasomea. Waokoaji wengi ni watu wa kujitolea wanaotoka kazini au kitandani, na kumfikia mtu usiku mlimani kunaweza kuchukua saa nyingi.

Mkitoka, simu haitashika mwanzoni mwa njia. Itashika Lincoln au Conway. Simama hapo, mpigie aliyekaa na ujumbe wako, mwambie mmetoka wote, ndipo mkatafute chakula.